Tulisafiri siku sita na jeneza la baba, Dar hadi Newala, masika ya 1998

Wakuu, salaam.

Juzi kuna mtu aliandika humu kwamba watu wa kusini tumezidi kulalamikia barabara. Nilitaka kumjibu kwa mistari miwili, nikashindwa. Barabara hiyo niliipita nikiwa nimekaa ubavuni mwa jeneza la baba yangu, na yaliyotokea njiani sijawahi kumsimulia mtu asiye wa ukoo. Leo nasimulia. Wahusika wakubwa wote wameshatangulia isipokuwa mama, na yeye nimemwomba ruhusa.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 19. Baba alikuwa kuli bandarini Dar, Mmakonde wa Newala, Mwanglikana. Mama ni Myao wa Masasi, Mwislamu, na aliolewa na baba akabaki na dini yake. Hawakuwahi kugombana kwa ajili ya dini wala kabila ndani ya nyumba yetu. Ugomvi ulikuwa unaletwa kutoka nje, ukiwa umefungwa vizuri kama zawadi.

Kwa msiojua mila za kwetu: Wamakonde na Wayao, wote ukoo unapita kwa mama. Kwa hesabu za wazee mimi si mtu wa litawa, yaani ukoo, la baba, ni wa mbumba, yaani ukoo, ya wajomba zangu Wayao. Baba naye ni mtu wa dada zake. Kwa hiyo mwanamume akifa, watoto wanalia mbele, ila wanaoamua azikwe wapi wamekaa nyuma kwenye mkeka.

Baba alikuwa na shamba la mikorosho karibu na barabara kabla hujafika Masasi ukitokea Ndanda. Ardhi alipewa na wajomba zangu alipomuoa mama, miti akapanda mwenyewe. Kwetu ardhi na mti ni vitu viwili. Ardhi ya mbumba, mti wa aliyepanda. Mikorosho 210. Kila likizo alikuwa anashuka kupalilia, na kila mti wa kwanza wa mstari aliuzungushia waya mwembamba ili asipotee kwenye hesabu. Waya huo ukumbukeni.

Krismasi ya 1995 baba mdogo alikuja Dar na habari mbaya. Shamba limeungua lote. Wajomba zangu, akasema, waliwasha moto wa kuwinda panya, ukawa unaelekea shambani, wakausimamia unaunguza na hawakuvunja hata tawi bichi kuuzima. Sababu? "Wayao hawa, kaka, hawajawahi kukubali Mmakonde astawi kwenye ardhi yao."

Baba alinyamaza siku nzima. Toka siku ile hakumtamka tena mlamu wake, yaani shemeji yake, kwa jina. Likizo zikaisha, Masasi hakushuka tena. Miaka miwili na zaidi mama aliishi katikati ya hilo, anapika, anafua, hasemi. Akafa baba na kinyongo chake kifuani, mwezi wa nne 1998, baada ya kuugua wiki tatu.

Nitaendelea.

—

Mtu wa Mtama: Endelea mkuu. Mwaka ule sisi tulikaa Ndundu siku nne tunasubiri pantoni, watoto wanakunywa maji ya mto.

Kangomba Sitaki: Mkuu, Mmakonde na Myao si wameoleana miaka yote? Huo uadui umetoka wapi?

—

Kangomba Sitaki, swali zuri, nitalifikia kwenye Nangurukuru, utaona kwa nini.

Msibani Temeke kulikuwa na pande mbili. Mjomba mkubwa alipiga simu dukani kwa jirani, ujumbe wake ukaletwa kwa mdomo: mlamu azikwe Dar leo leo, maiti hacheleweshwi, na kama lazima asafirishwe, basi apitishwe Masasi kwenye miti yake, wamuage. Baba mdogo akasimama mbele ya watu. Akasema mtu wa litawa letu haachwi pwani, anapelekwa Newala, na Masasi hapiti. Wale waliomchomea shamba wanataka kumteka maiti wamzike kwao ili wadai na vilivyobaki. Wazee wa Kimakonde waliokuwepo wakaitikia. Shangazi, ambaye kwa mila ndiye mwenye neno, alikuwa Newala, hakusikia hata nusu.

Rambirambi zikakabidhiwa kwa baba mdogo. Jeneza likatiwa bati kwa ndani, maiti akapigwa dawa, fundi akachomelea risasi kuzunguka kote. Mama alikuwa anautazama ule mstari wa kijivu wa risasi mpaka ukapoa, kisha akaupitisha kidole mzunguko mzima, taratibu, kama mtu anayekagua sufuria kama linavuja.

Mabasi hayakuwa yanapita. Tukapata lori lililobeba saruji na soda linalokwenda Lindi na kuendelea. Jeneza juu ya saruji, turubai juu ya jeneza, sisi saba juu ya turubai. Mama alichukua pindo la kanga yake akalifunga kwenye kamba ya jeneza. Kamba ikitikisika, anajua.

Ndundu tulilala siku mbili. Vijana wa leo mnavuka Rufiji pale juu ya Daraja la Mkapa, mita 970, hata hujamaliza kutafuna hindi la kuchoma umeshafika ng'ambo. Daraja lile limefunguliwa 2003. Sisi tulikuta pantoni moja, mto umejaa mpaka umeingia kwenye mabanda ya mama ntilie, na foleni ya magari inapotelea msituni. Usiku unasikia viboko. Watu wakijua gari lako lina maiti wanakupisha, ndiyo ubinadamu wa barabara ile, lakini mto haukupishi. Siku ya tatu asubuhi maji yakapungua kidogo, tukavuka. Katikati ya mto pantoni ilianza kuburutwa na mkondo kuelekea chini, nahodha anapiga kelele, watu wanasoma dua za dini zote mbili. Baba mdogo alikuwa amefumba macho. Nilimwonea huruma kabisa. Nilidhani analilia kaka yake.

Kutoka Ndundu kwenda Somanga ni kilomita 60 tu. Zilituchukua mchana mmoja na usiku wote. Udongo mweusi ule ukilowa hauna urafiki na tairi. Utingo na sisi vijana tulikata matawi, tukatandika, lori likasogea hatua kumi, likazama tena. Saa nne usiku dereva akasema tulale, na mtu asishuke hata kujisaidia.

Simba. Watafiti walikuja kuhesabu baadaye: kuanzia 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, wengi wao huku kusini mashariki, Rufiji na Lindi zikiwemo. Sisi hatukuhitaji hesabu. Kila kijiji kilikuwa na jina la mtu.

Basi tukiwa kimya juu ya turubai, kikasikika kitu kinapita kwenye majani. Huenda ni ngiri. Baba mdogo akanong'ona, lakini kwa sauti ambayo mama aisikie: "Huyo si wa Mungu. Huyo ametumwa. Wakwe zetu wana watu wanaojua kutengeneza simba." Wa kusini mnaijua habari ya simba watu na mnajua neno hilo likitamkwa usiku porini linaingia mwilini kiasi gani. Wenzetu wawili wa safari, Wamakonde, wakajisogeza mbali na mama. Mbali ya wapi, juu ya lori? Walijisogeza hivyohivyo, wakambana mtu pembeni. Mama akabaki peke yake upande wa kichwani mwa jeneza, kanga yake imefungwa kwenye kamba.

Na mimi sikusogea kwake. Nimeandika uzi huu wote ili niseme hili. Nilikuwa na miaka 19, nilikuwa mwanawe, na nilibaki nilipokuwa. Nilikuwa naanza kuamini.

—

Mtu wa Mtama: Dah. Pole sana mkuu.

Bibi Korosho: Mwanangu, usijihukumu hivyo. Njaa, mvua, maiti, usiku. Mama yako alijua.

—

Asante mama.

Sasa Nangurukuru. Tulifika siku ya nne asubuhi. Pale ndipo unapoachana na njia ya Kilwa, upande wa kushoto ukiwa unaenda Lindi. Tulishuka kunywa chai. Baba mdogo akaninyooshea kidole kule kwenye njia ya pwani, akaniambia: "Unaona kule? Kilwa Kivinje. Wajomba zako ndiko walikokuwa wanatupeleka tukiwa tumefungwa shingo. Sisi tulipanda juu ya uwanda tukajificha kwenye vichaka kwa ajili yao. Damu haiozi."

Kangomba Sitaki, jibu lako ni hilo. Ni kweli misafara ya Wayao ilishusha pembe na watu Kilwa karne ya kumi na tisa. Ni kweli pia Wamakonde walikaa juu kwenye vichaka vya uwanda ule wakiwakimbia wateka watu na Wangoni. Lakini asichosema ni kwamba waliouza watu walikuwa wa kila kabila, na Wamakonde wamo. Hakusema kwamba Machemba, Myao, alimkatalia Mjerumani miaka yote ile ya 1890 mpaka akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwaka 1899. Mambo ya miaka mia yana pande nyingi, na mtu mwenye shida yake ya leo anachagua upande unaomfaa. Nilikuja kuyasoma mwenyewe baadaye. Asubuhi ile nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na niliitikia kwa kichwa.

Kiranjeranje, Mbwemkuru, Mchinga, hizo sitazieleza. Matope ni yale yale na mvua ni ile ile. Lindi tulifika usiku wa nne tukalala bandani.

Mnazi Mmoja ndipo njia zinapogawanyika: moja inakwenda Mtwara, nyingine inapandisha Mtama, Nyangao, Ndanda hadi Masasi. Dereva mzigo wake mkubwa ulikuwa wa Masasi, lakini Dar alikubaliana na baba mdogo kwamba atatufikisha Mtwara kwanza, tutafute gari lingine la kupanda Newala kupitia Tandahimba. Nilidhani ni kwa sababu ya usalama. Pale Mnazi Mmoja watu waliotoka Mtwara wakasema njia ya kupanda uwandani imekatika, hakuna gari linalopita. Dereva akasema basi, Masasi.

Baba mdogo akamvuta pembeni. Wakakaa muda. Utingo, kijana wa Kimwera wa umri wangu ambaye usiku wa simba alinigawia muhogo wake, akaja akasimama karibu yangu akijifanya anakagua tairi. Akaniambia bila kunitazama: "Mzee wako anampa dereva hela asipite Masasi. Hela nyingi. Anazitoa kwenye ile bahasha ya kaki."

Bahasha ya kaki ilikuwa ya rambirambi. Niliiona Temeke, watu wakiandikwa majina kwenye daftari.

Nilijiuliza swali moja tu. Mtu anayeogopa kutekwa maiti anaomba polisi, anaomba vijana, anaomba tupite usiku. Kwa nini anunue njia ambayo haipo?

Dereva alikataa. Si kwa uadilifu, njia ilikuwa imekatika kweli. Tukaelekea Masasi. Kuanzia Nyangao baba mdogo hakusema tena neno juu ya Wayao. Alianza kuumwa tumbo. Ndanda akasema ashuke, atatukuta mbele. Mama, ambaye siku tano alikuwa hajamsemesha, akamwambia: "Shemeji, kaka yako hujamzika. Unashuka unaenda wapi?" Akabaki.

—

Nimerudi. Kuna mtu ameniuliza faragha kama wajomba walikuwa na mapanga. Walikuwa nayo. Na majembe, na kamba, na magunia matupu.

Walikuwa barabarani, watu kama kumi na watano, wamesimama kwenye mvua. Nilipowaona mwili ulikufa ganzi. Kumbe barabara pale mbele ilikuwa imekatwa na korongo, na toka jana yake walikuwa wanakata miti na kujaza mchanga kwenye magunia ili lori letu lipate kupita. Mtu aliyetutangulia kutoka Lindi aliwaambia tuko nyuma. Wanawake walikuwa wamepika ugali na kisamvu kwenye banda la jirani. Mjomba mkubwa, mzee mwenye kanzu iliyolowa mpaka imegandana na miguu, akasogea kwenye lori, akaweka kiganja kwenye ubao wa bodi, akasema kwa Kiyao maneno ambayo mama peke yake aliyaelewa. Mama akalia kwa mara ya kwanza toka Dar.

Kisha mama akafungua fundo la kanga kwenye kamba. Akashuka. Akavuka mtaro, akaingia shambani.

Mikorosho ilikuwa imesimama. Yote. Mikubwa, imetanua, matawi ya chini yamelala mpaka ardhini jinsi mkorosho wenye afya unavyokaa, majani yanameta maji. Mti uliopitiwa na moto miaka miwili nyuma unajulikana hata na mtoto, unabaki na kovu jeusi shinani. Hapakuwa na kovu. Mama akaenda mti wa kwanza wa mstari, akainama, akapapasa shina kwa vidole kama alivyopapasa ile risasi. Akatuita. Waya ulikuwepo. Gome lilikuwa limeumeza, umebaki kijistari tu, lakini ulikuwepo.

Akatoka kijana mmoja na jembe, mgeni kwetu, akauliza tunamtafuta nani. Akasema shamba ni la bosi wake, mfanyabiashara wa mjini, ameliwekewa rehani kwa misimu minne, na imebaki miwili. Aliyeweka? Akageuka akamwonyesha kwa kidevu baba mdogo aliyekuwa amekaa juu ya lori peke yake na jeneza.

Mjomba hakushangaa. Yeye alishaletewa barua mwishoni mwa 1995, ina jina la baba, inasema ameamua kuweka miti rehani na hataki wakwe zake waingilie wala wamtafute. Barua aliileta baba mdogo. Wajomba wakaumia: mlamu tumempa ardhi, ameiweka mikononi mwa mtu baki bila kutuaga. Wakamnyamazia. Na baba huku Dar akawanyamazia wao. Kila upande unaamini mwenzake ndiye aliyekata udugu, na sababu ikiulizwa, jibu lipo tayari: Wayao ndivyo walivyo, Wamakonde ndivyo walivyo. Hakuna aliyekwenda kuangalia mti.

Vijana wa upande wa mama walitaka kumshusha. Mjomba akawazuia. Akasema, na hili nalikumbuka neno kwa neno: "Ana kaka wa kuzika. Mwacheni amzike."

Wakaomba jambo moja tu, jeneza lishushwe likae chini ya miti kidogo. Likashushwa. Kwa dakika chache wale wazee Waislamu wakasimama kimya na sisi tukaimba wimbo mmoja. Kisha wakapanda nasi, wanane, mpaka Newala, wakisukuma lori kila lilipogoma kwenye mlima wa kupanda uwandani. Siku ya sita jioni tukazika. Shangazi aliwalaza nyumbani kwake.

—

Kangomba Sitaki: Mkuu nimekosa la kusema. Rehani za mikorosho zimevunja koo nyingi huku kwetu. Huyo baba mdogo alifanywa nini?

Bibi Korosho: Na hela alizifanyia nini?

—

Hela: sehemu alijengea nyumba ya bati, sehemu alilipia deni la biashara iliyokufa. Kikao cha arobaini shangazi alimsomea kila kitu mbele ya ukoo, na barua iliwekwa mkekani. Alikiri. Alisema alidhani atakomboa miti kabla baba hajajua, na uongo wa moto ulikuwa wa kumzuia baba asishuke Masasi. Uongo wa pili ukaja kuulinda wa kwanza, na kabila ndilo lililokuwa karibu. Rehani ilipoisha miti ilirudi, na shangazi, ambaye wanawe ndio waliokuwa na haki ya kurithi kimila, akasema mavuno ni ya mama mpaka afe. Ndiyo hali mpaka leo.

Baba mdogo alifariki 2016 akiwa Dar kwa matibabu. Tulimsafirisha sisi. Tulitoka alfajiri, lami mwanzo mwisho, jioni tukawa tumeshapita Ndanda. Watoto wa mjomba ndio waliokuwa wamekaa kwenye gari la maiti, mimi na mama tulikuwa nyuma yao kwenye kosta. Tulipolikaribia shamba, gari la mbele likapunguza mwendo, dereva akapiga simu kuuliza kama tunapita au tunasimama. Kosta nzima ikamgeukia mama.

Mama alikuwa anatazama nje dirishani, kwenye miti.

"Asimame," akasema. "Na yeye ashushwe kidogo."

Akashushwa.